Aliyepigwa na bumbuwazi hakimbii

Mhariri,

Juzi nilisikia katika taarifa ya habari redioni kwamba wakazi wa mtaa mmoja hapa Nairobi walipigwa na bumbuwazi moto ulipozuka, wakaanza kukimbia huku na huko. Waliokuwa wakikimbia hawakuwa na bumbuwazi. Walikuwa na taharuki.

Wiki iliyopita, matatu yetu ikiwa imekwama kwenye msongamano katika Barabara ya Tom Mboya, kijana alipenyeza mkono dirishani akaipokonya simu ya dada aliyeketi mbele yangu, katikati ya mazungumzo. Yule dada hakupiga kelele. Mkono wake mtupu ulibaki sikioni, kinywa wazi, kama mtu anayengoja kujibiwa, hadi makanga alipomgusa bega. Hilo ndilo bumbuwazi: akili husimama ghafla, na mwili nao ukasimama. Ungesema pia kwamba alipigwa na butwaa, au kwamba aliduwaa, nawe usingekosea. Sisi wengine tulifunga madirisha kwa pupa, tukakumbatia mikoba, na wawili wakateremka mbio bila kujua waendako. Hiyo sasa ni taharuki, neno lililotoka katika Kiarabu, lenye asili moja na haraka na harakati, na ambalo kwa hiyo lina mwendo ndani yake.

Makanga, kwa upande wake, alimkemea dada yule kwa kuzubaa. Nadhani alimwonea. Kuzubaa ni kukosa makini kabla ya jambo kutokea, na neno lenyewe lina lawama. Bumbuwazi humfika mtu baada ya jambo, naye hana hiari. Ndiyo maana tunasema amepigwa au ameshikwa na bumbuwazi: yeye ni mtendwa tu.

Sitaki kuwatwika watangazaji kosa lote. Huenda walilitoa darasani, ambako kila mwanafunzi anayekutana na nyoka katika insha hupigwa na butwaa asijue la kufanya, kisha katika sentensi inayofuata hutimua mbio kama swara. Nami, katika miaka yote niliyosahihisha insha, sentensi hizo mbili nilizipigia alama ya vema.

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Buruburu, Nairobi