Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tabia za Reli ya Zamani Hazifai Kwenye SGR

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka atawasomea mweka hazina, na orodha ya wanachama wapya anayo katibu. Nafasi yangu naitumia kwa jambo lililokula vikao vingi vya kamati kuliko mengine yote: namna tunavyosimama, tunavyoomba ruhusa na tunavyopiga picha kando ya reli, tangu treni za umeme za reli mpya ya kisasa, SGR, zianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi uliofuata.

Wengi wetu tumejifunzia kazi hii kwenye reli ya geji (upana kati ya reli na reli) ya mita moja: ile ya Tanga iliyoanza kujengwa 1893, na Reli ya Kati iliyofika Kigoma 1914. Huko treni huiona ingali mbali, ngurumo ya dizeli hutangulia, na wanakijiji huyapita mataruma kwenda shamba kama njia yao ya kila siku. Ukikaa huko miaka unaota tabia. Unapiga goti katikati ya njia ili reli mbili zikutane vizuri kwenye picha. Unategemea masikio. Unasogea treni ikishakaribia, siyo kabla. Tabia hizo ni mbaya hata huko zilikozaliwa, ila huko mwendo wa treni umekuwa ukizisamehe.

Tupige hesabu. Treni inayokwenda kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 kwa sekunde. Ikijitokeza kwenye kona iliyo mita 400 kutoka ulipo, una kama sekunde 36. Treni ya SGR inayokwenda kilomita 160 kwa saa hupita mita 44 kwa sekunde. Kona ileile inakupa sekunde 9. Ndani ya sekunde hizo utoe jicho kwenye kamera, utambue inakotoka, unyanyuke, ukunje stendi na uvuke kokoto zinazoteleza ukiwa na begi mgongoni. Dereva naye hana msaada: akifunga breki zote wakati huohuo, treni itakuwa imeshakupita mbali kabla haijasimama.

Masikio nayo hayasaidii sana. Reli za SGR zimeunganishwa kwa kuchomelewa, kwa hiyo ule mlio wa magurudumu kwenye viungio haupo. Kichwa cha umeme hakingurumi kama cha dizeli, na sauti nyingi ya treni husambaa pembeni na nyuma yake kuliko mbele. Upepo ukivuma kutoka ulikosimama kwenda inakotoka, utaisikia ikiwa imeshafika. Kutoka Dar es Salaam kuelekea Pugu lipo na tatizo la pili: reli mpya na ya zamani zinakwenda sambamba sehemu kubwa. Unapiga picha treni ya mizigo ya geji ya mita, kelele zake zinafunika zile za treni nyingine, na mabehewa yake yanaificha. Ndiyo maana kamati imeagiza kila kundi liwe na mtu mmoja asiyeshika kamera wala simu, kazi yake kutazama pande zote mbili na kupaza sauti. Zamu iwe ya dakika 20, maana akizidisha hapo macho huchoka na yeye huanza kutamani picha.

Kuhusu umbali, kumbukeni kuwa behewa ni pana kuliko reli zake. Huchomoza karibu mita moja nje ya reli kila upande, iwe geji ya mita au SGR, na kwenye treni ya mizigo ongezeni turubai lililolegea, kamba inayopigapiga au mlango usiofungwa. Kwa SGR hatuna hesabu ya mita za kujadiliana: ni nje ya uzio, basi. Pasipo na uzio, ni nje ya mawe ya mpaka wa hifadhi ya reli. Anayelalamika kwamba picha za nje ya uzio hazinogi, ajaribu lenzi ya milimita 200 kutoka kilima cha jirani au kwenye daraja la barabara linalopita juu, shata 1/1000 ya sekunde kama treni inamjia kwa mshazari na 1/1600 kama inapita ubavuni. Atapata treni nzima, nguzo na mandhari yote. Aliyepiga goti kwenye kokoto hupata pua ya kichwa tu, mara nyingi ikiwa na ukungu.

Umeme

Hili ndilo geni kwetu, na hapa sitafupisha. Waya wa juu wa SGR una volti 25,000. Umeme wa nyumbani ni volti 230, na tunajua unavyoua. Tofauti haiishii kwenye ukubwa. Umeme wa nyumbani lazima uuguse, lakini huu wa juu unaweza kuruka hewani na kukufuata kabla hujaugusa. Waya huo hukaa na umeme hata kama hakuna treni inayoonekana, mchana na usiku. Mtu asiseme “treni ya mwisho imeshapita”.

Vitu vinavyotuponza ni vile tunavyovibeba kila siku: stendi ya miguu mitatu ya alumini iliyoachwa imerefushwa begani, fimbo ya selfi, nguzo ya kuinulia kamera, mwavuli wakati wa masika, na ngazi ya kukunja ambayo baadhi yetu tunaipenda sana. Kanuni ya chama kuanzia sasa ni kwamba karibu na njia ya umeme kitu chochote kirefu kinabebwa kikiwa kimekunjwa, kimelala usawa wa kiuno, na hakuna kinachoinuliwa kupita kichwa. Mtu na vifaa vyake wasikaribie waya, nguzo zake wala chochote kinachoning’inia kwa chini ya mita 3. Kwenye madaraja ya waenda kwa miguu yanayopita juu ya reli, usipenyeze kitu kwenye wavu, usimwage maji, na (samahani kwa lugha) usikojoe. Maji yanapitisha umeme na yanapofika kwenye waya unakuwa sehemu ya njia yake. Kupanda juu ya behewa lililoegeshwa chini ya waya ni marufuku hata kama mlinzi mwenyewe amekukaribisha, kwa sababu juu ya behewa kichwa chako kiko jirani kabisa na waya.

Mwenzako akipigwa na umeme, usimshike wala usimsogelee. Hapa ndipo msiba mmoja hugeuka miwili. Piga 112, mwarifu mkuu wa stesheni ya karibu, taja namba ya kilomita iliyo kwenye kibao au nguzo ya karibu, na usubiri wathibitishe kwamba umeme umekatwa. Kwa sababu hiyo kiongozi wa kundi anaandika namba ya kilomita mara tu mnapofika, kabla ya picha ya kwanza.

Droni ina taratibu zake. Ruhusa ya shirika la reli haikuruhusu kurusha chochote. Usajili na kibali ni vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Na hata vikiwepo, hatutarusha juu ya waya. Droni ikianguka kwenye waya inaweza kukata umeme wa sehemu nzima na kuwasimamisha abiria porini.

Mavazi na ishara

Kwenye hili najua nitawaudhi baadhi yenu. Zile fulana za kuakisi mwanga tulizoshonesha hazivaliwi tena kando ya njia, isipokuwa mwenyeji wetu akitutaka tuvae na kutupatia zake. Dereva akiona fulana ya njano au ya machungwa anajua hao ni mafundi wa njia: atapiga honi na kutarajia wamjibu kwa mkono kwamba wamemwona. Nyinyi mtabaki mmekodoa macho kwenye kamera, naye hatajua afanye nini. Nguo nyekundu na kijani nazo ziacheni nyumbani, kwa kuwa hizo ni rangi za bendera za gadi, msimamizi wa treni. Msimsalimie dereva kwa kuinua mikono yote miwili, kwani kwa mtu wa reli hiyo ina maana ya simama, hatari. Mkono mmoja unatosha. Miwili iwekeni akiba kwa siku mtakayokuta tuta limekatika, jambo lisilo la ajabu wakati wa mvua kwenye bonde la Mto Mkondoa kati ya Kilosa na Gulwe. Hapo simameni nje ya njia, mbali iwezekanavyo kuelekea inakotoka treni, inueni mikono yote, na mwingine apige simu stesheni. Wala msiende kupiga picha ukingoni mwa tuta lililoliwa na maji. Juu linaonekana zima, chini limeshabaki tupu.

Flashi haitumiki kuelekea treni inayotembea, iwe mchana, usiku au mlangoni mwa handaki.

Ruhusa na walinzi

Malalamiko mengi ya wanachama yanaanzia hapa: barua ipo, imepigwa mhuri makao makuu, lakini askari wa stesheni anakukatalia. Ndugu zangu, barua ya makao makuu haimfikii askari wa zamu kwa upepo. Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Barua ya chama iende angalau wiki tatu kabla, ikiwa na majina kamili na namba za vitambulisho, stesheni au kilomita mtakazokuwepo, tarehe na saa, orodha ya vifaa na matumizi ya picha. Jibu likija, toeni nakala nne. Siku ya safari, kabla kamera haijatoka begini, kiongozi anakwenda kwa mkuu wa stesheni, anasalimia, anaacha nakala moja na kuomba amjulishe mlinzi. Mkiwa nje ya stesheni, nakala nyingine ni ya mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Kijijini mgeni hupiga hodi kwanza, na mzee mmoja anayewafahamu atawafaa kuliko mihuri mitatu.

Mlinzi akiwasimamisha, kamera inashushwa, salamu inatangulia, barua inafuata. Akisema ondokeni, mnaondoka. Kamati itafuatilia baadaye kwa maandishi. Wizi wa nyaya za shaba na vyuma vya reli ni jambo la kweli, na mtu anayezunguka nguzo akipiga picha makasha ya ishara anafanana sana na anayekagua cha kuiba. Kwa sababu hiyohiyo hatupigi na hatusambazi picha za karibu za vituo vya kupozea umeme, makasha yaliyo wazi, chumba cha kuongozea treni, dirisha la fedha wala mizigo ya jeshi. Na hakuna kuokota: msumari wa reli, kibao cha namba au taa ya zamani iliyolala kwenye majani ni mali ya shirika, hata kama imeshika kutu tangu enzi za Mjerumani.

Watu

Mama anayeuza kuku na mayai Saranda hakuja pale kuwa mandhari. Nunua kwanza, ongea naye, kisha omba. Akikataa, shukuru na upite. Watoto hawapigwi picha bila mzazi au mlezi kukubali. Ndani ya behewa, abiria aliyelala, anayenyonyesha au anayesali anaachwa. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi, na nchi ina sheria ya kuilinda tangu 2022. Wafanyakazi wa treni waulizeni pia, kwani picha ya dereva akiwa na simu mkononi inaweza kumgharimu kazi. Ajali ikitokea mkiwa karibu, saidieni au ondokeni. Picha za majeruhi na marehemu hazipokelewi na chama kwa namna yoyote.

Reli ya zamani bado ina yake

Msielewe kwamba kwingine ni salama. Njia iliyoota majani haijafa: kiberenge cha mafundi hakina ratiba ya abiria na hakitoi kelele za maana. Kwenye uwanja wa kupanga mabehewa, behewa linaweza kusukumwa upande wa pili na la kwako likasogea bila onyo, kwa hiyo hupiti katikati ya mabehewa mawili, na ukizunguka nyuma ya lililosimama jiweke mbali hatua 20. Matenki ya maji na makalvati ya zamani yana nyuki. Sakafu za mabehewa mabovu zimeoza. Na madaraja marefu ya TAZARA, reli iendayo Zambia, kati ya Mlimba na Makambako, likiwemo la Mto Mpanga, yanapigwa picha kutoka bondeni, siyo kwa kutembea juu yake, kwani treni ikikukuta katikati huna pa kukimbilia.

Wanaotaka kugusa vyuma kwa raha waende Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971. Lipo pale dude la mvuke namba 5918, la aina ya Garratt, tani zipatazo 250, jina lake Mount Gelai. Mlima wenyewe uko kwetu, kando ya Ziwa Natron. Vichwa vya kundi hilo vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na Shengena ya Upareni nayo imo. Hakuna uzio, hakuna volti, na mwanachama mpya anaweza kujifunza sehemu za kichwa cha treni bila kuhatarisha mguu wake. Kamati inapendekeza safari ya huko iwe ya kwanza kwa kila anayejiunga, kabla ya kupewa kitambulisho cha chama.

Mapendekezo yanayohitaji kura yenu ni matatu: mtazamaji wa lazima katika kila kundi, marufuku ya ngazi na nguzo za kamera kwenye njia ya umeme, na kusimamishwa miezi sita kwa atakayeingia ndani ya uzio. Fulana za kuakisi mwanga zirejeshwe kwa katibu kabla ya kura kupigwa. Aliyepoteza yake ataje mapema ili mweka hazina arekebishe daftari la vifaa.

Mwenyekiti