Kesho hapa San Felipe, Mexico, hatuna ratiba

Shikamooni wazee wetu, na wengine habari za jioni. Nashukuru sote tulifika salama jana. Karibu kilomita 200 kutoka Mexicali kwenye joto lile si kazi ndogo. Kesho magari yabaki yameegeshwa, tupumzike.

Ombi langu ni moja: amkeni kabla ya jua. Huku Ghuba ya California jua huchomoza baharini, kama kwetu Tanga na Malindi. Leo alfajiri nilisimama ufukweni nikakumbuka nyumbani mpaka machozi yakanilenga.

Mwezi umeandama juzi, kwa hiyo ni bamvua, na bamvua la hapa ni kubwa kuliko la kwetu: tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika hata mita 6. Yakipwa mchanga unabaki mtupu mbali sana. Watoto watafurahi, lakini tafadhali mtu mzima awe nao muda wote, maana maji yakianza kujaa hayachelewi. Viti na mikeka isiachwe huko chini.

Mchana ni taco za samaki, vile vichapati vya Mexico vya kukunjia samaki, kwenye banda la makuti. Samaki nanunua mimi. Mwenye ndimu na pilipili azilete.