Msituachie wenye saiba kuwachagulia watoto wenu kozi

Mhariri,

Nina saiba hapa Kayole, kompyuta sita na printa moja. Kwa kawaida kazi yangu ni kuprinti, kuskani, kufungulia watu akaunti za eCitizen na kuwapigia chapa barua za kuomba kazi. Lakini matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakishatoka na KUCCPS, taasisi inayowapanga wanafunzi vyuoni, ikafungua maombi, benchi langu hujaa vijana waliomaliza Kidato cha Nne, wazazi wao wakisimama mlangoni kwa kukosa pa kukaa. Ninaandika sasa, likizo ya Agosti, watahiniwa wakiwa bado nyumbani, kwa sababu haya ninayotaka kusema yakingoja matokeo yatakuwa yamechelewa.

Swali ninaloulizwa zaidi msimu ule ni hili: "Madam, kwa hizi alama niweke kozi gani?" Mama mmoja alinishika mkono akaniambia, "Wewe ndio unajua hizi mambo. Mchagulie tu kitu kizuri." Kijana wake alikuwa kando yake, kimya. Nilikuwa nimemfahamu kwa dakika chache tu. Sikujua anapenda nini, anaogopa nini, wala nyumbani kwao kuna uwezo gani. Na hapo tunazungumzia miaka minne ya maisha yake, mitano akienda uhandisi, sita akienda udaktari. Nilimwomba mama aketi na mwanawe pale nje, wazungumze kwanza, kisha warudi. Alikasirika kidogo, akidhani namfukuza. Walirudi jioni, na kijana ndiye aliyeniambia wanachotaka.

Wapo wenzangu wanaochagua. Wanabofya kozi ya kwanza iliyokubaliwa na mfumo, wanapokea malipo, wanamwita anayefuata. Siku za mwisho foleni ni ndefu na tovuti hulemewa, kwa hivyo naelewa wanavyofika hapo. Lakini mwaka unaofuata kijana yule yule hurudi akiuliza jinsi ya kuhama kozi, na kuhama si jambo rahisi. Mhudumu wa saiba anaweza kukusaidia kujaza. Kuamua si kazi yake, na mzazi asiikabidhi kwake.

Tatizo kubwa ni kwamba wazazi wengi hudhani gredi ya jumla ndiyo kila kitu. Ni kweli kwamba kwa shahada ya chuo kikuu mtoto anahitaji kuanzia C+. Lakini kila kozi hupimwa pia kwa masomo yake manne, ndiyo hiyo klasta tunayoisikia. Uuguzi na udaktari, kwa mfano, hutazama Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Watoto wawili wenye B ya jumla wanaweza kukaa benchi moja, mmoja akapata kozi anayoitaka na mwenzake akakosa, kwa sababu Kemia ilimwangusha. Tena kila kozi huwa na alama ambazo mtu wa mwisho kuchukuliwa mwaka uliotangulia alikuwa nazo. Mwenye kuzisoma mapema anajua ajipange vipi, na asiyezisoma anabahatisha.

Msichana mmoja alikuja kwangu na B yake, uso unang'aa, shangazi yake kambebea faili. Alitaka ualimu wa sekondari, Hisabati na Jiografia. Jiografia alikuwa na A-, Hisabati C. Anayetaka kufundisha sekondari anahitaji C+ katika kila somo kati ya yale mawili atakayofundisha, kwa hivyo Hisabati ilimfungia. Alilia pale pale mbele ya watu. Tulipotazama tena tuliona Historia yake ilikuwa B+, na Jiografia na Historia zingempa ualimu bila shida yoyote. Mwishowe ndizo alizoomba. Kilichoniuma ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwambia sharti hilo katika miaka minne ya sekondari, ilhali lilijulikana tangu alipochagua masomo katika Kidato cha Pili. Angelijua, pengine angeipa Hisabati nguvu zaidi, au angeiacha ndoto hiyo mapema kwa hiari yake, bila kulia mbele ya wageni.

Na kwa kuwa nawaandikia wasomaji wa Kiswahili, hili nalo walisikie vijana wanaolichukulia somo letu kama la kupumzikia. Anayetaka kuwa wakili kupitia Kenya School of Law kwa matokeo ya KCSE anatakiwa kuwa na C+ ya jumla na angalau B katika Kiingereza au Kiswahili. B ya Kiswahili inatosha kumfungulia njia. Nimewaona wenye ndoto ya sheria waliokosa B katika lugha zote mbili, na Kiswahili walikuwa wamekipuuza.

Habari za klasta zinapatikana bila malipo katika tovuti ya KUCCPS, na mtahiniwa hahitaji matokeo ili azisome. Mtoto anayejua mwezi huu kwamba anataka kufundisha Historia na Kiswahili bado ana wiki za kuyavuta masomo hayo mawili. Atakayejua akiwa kwenye benchi langu ana saa chache tu kabla ya maombi kufungwa.

Kuna jambo la vyeti, ambalo huwa halizungumzwi mpaka liwake moto. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, KCSE ina matatu. Au herufi moja imekosewa shuleni wakati wa usajili, na hakuna aliyesoma orodha kabla ya kutia saini. Kurekebisha jina kabla ya mtihani ni kazi ya mwalimu na mzazi wakati wa usajili. Kurekebisha baadaye ni barua, ada na safari za Baraza la Mitihani. Mtoto aliyetimiza miaka 18 apelekwe achukue kitambulisho likizo hii hii. Bila kitambulisho hata laini ya simu ataazima jina la mtu mwingine, na ombi la mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, litakwama. Aliyefiwa na mzazi atafute cheti cha kifo sasa, kwa sababu kitaulizwa.

Naomba pia kila mtoto awe na barua pepe yake mwenyewe, iliyofunguliwa kwa namba yake ya simu, na paswadi aiandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. Nimeona vijana ambao barua pepe zao zilifunguliwa na mhudumu wa saiba fulani kwa namba yake mwenyewe. Ukifika wakati wa kuingia kwenye akaunti ya mkopo, namba ya uthibitisho inatumwa kwa simu ya mtu ambaye alishahama mtaa. Kwangu siku hizi mtoto hafungui chochote mpaka aandike paswadi kwa mkono wake, mimi nikitazama pembeni.

Sasa tuje kwenye pesa, ambapo wazazi huwa na aibu na watoto huwa na hofu. Tangu mwaka 2023 serikali ilibadilisha jinsi inavyofadhili wanafunzi wa vyuo vikuu. Mwanafunzi hupangwa katika kundi kulingana na hali ya familia yake, na ni yeye mwenyewe anayetuma ombi la ufadhili na mkopo mtandaoni. Mfumo huo umepingwa hadi mahakamani, na mimi sina ujuzi wa kuamua nani ana haki. Ninachojua ni kwamba mtoto asiyetuma ombi huletewa karo ambayo familia nyingi za hapa Kayole haziwezi hata kuitamka. Fomu inauliza mapato ya nyumba, idadi ya watoto walio shuleni, nani analipa nini. Mara nyingi mtoto hunigeukia akaniuliza, "Niandike baba anapata ngapi?" Hajui. Hajawahi kuambiwa. Baba na mama, mwambieni. Mtoto wa miaka 17 au 18 anaweza kubeba ukweli huo, na ukweli huo ndio utakaomsaidia kupangwa mahali panapomfaa.

Ada ya kutuma ombi la KUCCPS kwa mara ya kwanza imekuwa shilingi 1,500. Kwa mtu anayeuza mboga hapa Masimba hiyo ni pesa ya kutengwa mapema, sio ya kukimbilia kukopa siku ya mwisho.

Nataka nikae kidogo kwa wale ambao hatuwapigii makofi. Katika KCSE ya 2024, watahiniwa walikuwa zaidi ya 960,000, na waliopata C+ na kwenda juu walikuwa takriban 246,000, yaani karibu robo moja. Robo tatu waliobaki ni watoto wetu vile vile, nao huja saiba kimya kimya, mara nyingi peke yao, baada ya wenye gredi nzuri kuondoka. Wengi hawajui kwamba KUCCPS hiyo hiyo inawapokea. Diploma huanzia C-, cheti cha ufundi D, na walio chini ya hapo wana kozi za ustadi. Siku hizi hata maombi ya KMTC, chuo cha mafunzo ya afya, hupitia huko huko. Vyuo vya kiufundi viko hapa hapa Nairobi: Kabete, Nairobi Technical, PC Kinyanjui.

Baba mmoja, fundi wa kuchomelea wa Kariobangi, alimleta kijana wake aliyepata D+. Alizungumza nami kana kwamba kijana hayupo pale: "Huyu ameshaniaibisha, nimtafutie tu kibarua." Nilimuuliza kijana mwenyewe anapenda nini. Akasema nyaya. Kumbe nyumbani kwao ndiye anayetengeneza soketi na taa za majirani. Tulitazama kozi za umeme pamoja, cheti cha ufundi, na baba alianza kuuliza maswali mazito kuliko ya mwanawe: mazoezi ya kazini ni ya muda gani, baadaye anaweza kuendelea na diploma au la. (Anaweza.) Ninataka mazungumzo yale yafanyike nyumbani kabla ya gredi kujulikana, wakati mtoto bado hajaitwa aibu na mtu yeyote.

Dada yangu anaishi Minnesota, Marekani, na binti yake anaingia mwaka wa mwisho wa sekondari. Kule fomu ya pamoja ya kuomba vyuo hufunguliwa tarehe 1 Agosti, zaidi ya miezi 9 kabla ya kumaliza shule. Binti ameanza kuandika insha ya kujieleza, isiyozidi maneno 650, na tayari amewaomba walimu wawili wamwandikie barua za kumpendekeza. Fomu ya msaada wa karo hufunguliwa kwa kawaida Oktoba, baadhi ya vyuo hufunga maombi ya mapema Novemba, na vyuo vingi vinataka jibu la mwanafunzi kufikia tarehe 1 Mei. Wana shida zao pia, karo ya kule inatisha. Ila nilipomsikiliza dada kwenye simu, kilichonivutia ni kwamba mwaka wote wa mwisho umegawanywa, kila mwezi na kazi yake, na shuleni kuna mtu aliyeajiriwa kwa ajili hiyo. Sisi hubana kila kitu katika siku chache baada ya matokeo, mtoto akiwa bado ameduwaa, awe amefurahi au ameumia.

Shule zetu zina walimu wa ushauri nasaha, na ninawaheshimu, lakini wengi wana vipindi darasani kama wengine. Hata hivyo, alasiri moja tu ya muhula wa tatu ingetosha kuanza: wazazi waitwe, klasta zielezwe kwa lugha wanayoifahamu, kila mtahiniwa aandike kozi tatu anazozitaka na masomo zinayoyahitaji. Shule ikiita wazazi kwa karo wanakuja. Iwaite na kwa hili. Nao waliosoma kutoka mitaa hii na sasa wako vyuoni, ambao huwa hapa wakati wa likizo, waalikwe wawaambie wadogo zao ukweli wa kozi zao. Kijana humsikiliza dada wa jirani kuliko anavyonisikiliza mimi.

Mfumo wa 8-4-4 unaelekea ukingoni, watahiniwa wa mwisho wa KCSE wakiwa wa mwaka 2027, na kuna wanaosema haya yote yataisha nao. Hayataisha. Watoto wa Gredi ya 9, walio katika mfumo mpya, nao wanaulizwa wachague mkondo wa sekondari ya juu, na wazazi wao wameshaanza kuja kwangu na swali lile lile.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni la ukurasa mmoja. Tovuti ya KUCCPS ni ya Kiingereza, na mama aliyenishika mkono anasoma gazeti hili. Kabla ya mitihani kuanza, mchapishe kwa Kiswahili chepesi maana ya klasta, masharti ya kozi zinazoombwa sana, gredi za diploma na vyeti, na karatasi anazopaswa kuwa nazo mtahiniwa. Mkichapisha, nitaukata ukurasa huo niubandike mlangoni pangu, na nakala nitatoa bure kwa kila mzazi atakayeomba.

Mama wa saiba,
Kayole, Nairobi