Weji ya digrii 60 inachimba? Igeuze uangalie soli

Wateja wengi wanaotuletea weji ya digrii 60, fimbo ya gofu ya kurusha mpira juu kwa umbali mfupi (digrii 60 ni jinsi uso wake ulivyolala), hapa Nairobi huwa wameshaikatia tamaa. Mpira uko hatua kumi na tano tu kutoka grini, yaani uwanja wa nyasi fupi wenye shimo, na mbele kuna bunka, shimo la mchanga. Mkwaju wa kwanza unachimba udongo na mpira unasogea kidogo tu. Wa pili, kwa kuogopa kuchimba, unaugonga mpira katikati nao unatoka kama risasi hadi ng'ambo ya grini.

Kabla ya kuuliza lolote, tunaigeuza fimbo. Soli ya weji, yaani sehemu ya chini ya kichwa chake, haiko bapa: nyuma imeteremka kuliko ukingo wa mbele, na mteremko huo, unaopimwa kwa digrii, ndio baunsi. Mwaka 1932 mchezaji gofu Mmarekani Gene Sarazen alishinda mashindano ya Open kule Uingereza akitumia fimbo aliyoiongezea lihamu chini, ili iteleze mchangani badala ya kuzama. Weji zetu za leo zinafuata wazo lilelile.

Sasa tazama mikwaruzo. Ikiwa yote iko kwenye ukingo wa mbele na nyuma bado kunang'aa, tunajua mikono inautangulia mpira. Ukilaza mpini mbele kwa digrii 10, weji ya 60 inakuwa ya 50, na baunsi ya 10 inakwisha kabisa. Hapo umeshika jembe. Tena nyasi za kikuyu, asili yake huku kwetu nyanda za juu, hazisamehe: vikonyo vyake vinene hukamata ukingo huo papo hapo, hasa baada ya mvua.

Fanya hivi. Fungua uso wa fimbo kwanza, yaani uulaze uelekee juu zaidi, ndipo ushike. Ukishika kwanza ukageuza viganja, uso utajifunga tena unapopiga. Mpira uwe mbele kidogo ya katikati ya miguu, mikono isiutangulie, uzito ubaki mguu wa mbele. Kisha acha soli ipanguse nyasi na kifua kiendelee kugeuka hadi mwisho. Anza bila mpira, mara kumi, ukiangalia chini kila mara: nyasi zimelala tu, au umetoa donge la udongo?

Kama hakuna kitu cha kuruka, sisi tungekushauri uiache weji hii kwenye mfuko wa fimbo, uchukue fimbo namba 8 na kuuviringisha mpira.

Wakati mwingine fimbo yenyewe haikufai. Kwa anayecheza kwenye kikuyu tunapendelea baunsi ya 10 au zaidi. Ya 4 ni ya ardhi ngumu. Weji ya 58 tunaweza kuipinda shingoni ifike 60, na baunsi huongezeka digrii 2 hizohizo.

Ukija karakanani, tafadhali usiioshe. Lete na tope lake, tuone inagusa ardhi wapi.