Mbona tripodi yenu fupi, halafu bei iko juu?

Ijumaa iliyopita kaka mmoja alirudi dukani kwetu hapa Moshi na tripodi, ile stendi ya miguu mitatu ya kusimamishia kamera, tuliyomuuzia siku tatu kabla. Akaiweka mezani, akasema mbele ya wateja wengine: "Mmenipiga." Aliilipia shilingi 210,000. Miguu yote ikivutwa, inamfikia kifuani. Rafiki yake amenunua nyingine kwa 55,000, inampita kichwa, na boksi lake limeandikwa inabeba kilo 5. Ya kwetu ina kilo 1.3, ya rafiki kilo 1.1. Kwa hesabu hiyo amelipa karibu mara nne, akapata kitu kifupi tena kizito zaidi. Hasira yake naielewa.

Hela yake tulimrudishia, maana tripodi haikuwa na mkwaruzo na sisi hatung'ang'anii fedha ya mtu asiyeridhika. Lakini neno "mmenipiga" limenikaa. Si yeye wa kwanza kulisema. Kila msimu wa kupanda Kilimanjaro ukikaribia, watu wanakuja na swali lilelile: mbona yenu fupi, halafu bei iko juu? Leo nalijibu kwa urefu, ili anayetaka kununua, kwetu au kwingine, ajue anacholipia.

Ukitaka tripodi ya kubeba mgongoni, unataka vitu vinne: iwe nyepesi, iwe ya bei nafuu, itulie, na iwe ndefu. Kwa bei ya mtu wa kawaida huvipati vyote vinne. Kimoja lazima ukiache, na sisi tunakushauri uache urefu. Wauzaji wengi wanaacha utulivu, kwa sababu dukani utulivu hauonekani, urefu unaonekana.

Shika tripodi yoyote uvute kipande cha mwisho cha mguu, kile kinachogusa ardhi. Hicho ndicho ninachokiangalia kabla ya kitu kingine. Mguu wa bomba la milimita 22 juu, kila kipande kinachoingia ndani yake kinapungua kama milimita 3. Ukiwa na vipande vinne unaishia milimita 13. Ukiwa na vipande vitano unaishia milimita 10, wembamba unaopita kidole changu cha mwisho. Kamera yako ya laki kadhaa imesimama juu ya hicho kidole. Na bomba lina tabia yake: mguu ukirefushwa mara mbili, kwa msukumo uleule unapinda mara nane. Upana nao hivyo hivyo, bomba lenye kipenyo nusu, kwa unene uleule wa bati, linapoteza nguvu ya kutopinda mara nane. Kwa hiyo anayekuuzia mguu mrefu, mwembamba na mwepesi kwa 55,000 hajagundua kitu ambacho wengine hawakijui. Amekurefushia fito.

Huyo kaka siku hiyo alikuja pia na ya rafiki yake, basi tukazijaribu zote mbili pale pale. Kamera ileile, lenzi ileile ndefu ya kuvuta mbali, ya milimita 70-200, skrini imekuzwa mara kumi kwenye herufi za bango la ng'ambo ya barabara. Fundi wetu akagonga lenzi kwa kidole mara moja. Kwenye ile fupi herufi zilitikisika zikatulia kabla sijamaliza kusema "moja". Kwenye ile ndefu, nguzo ya katikati inayopandisha kamera ikiwa juu, nilifika nne na herufi bado zinacheza. Kaka aliona. Bado akataka hela yake, kwa sababu anataka kupiga picha akiwa amesimama wima bila kuinama. Ni haki yake, mgongo ni wake.

Kuhusu "inabeba kilo 5": namba hiyo usiinunue. Mara nyingi inamaanisha miguu haitavunjika ukiweka kilo 5 juu yake. Haisemi picha itatoka kali. Mimi nawaambia wateja wachukue uzito wa kamera na lenzi yao nzito, wazidishe mara tatu, na hapo ndipo waanze kuangalia boksi.

Sehemu ya pili ninayoikagua ni kichwa, pale kamera inapokaa, na hapa nina kitu cha kuonyesha. Kwenye droo yetu kuna kipande cha plastiki nyeusi, urefu wa sentimita mbili, kimekatika mshazari. Ni mkono wa kubania pleti, ile sahani ndogo inayofungwa chini ya kamera kwa skrubu ya robo inchi. Kilitoka kwenye tripodi ya dada mmoja anayepiga picha za harusi. Alipanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, akafika kambi ya Barafu, na usiku, kabla ya kuanza safari ya kileleni, akatoka kupiga nyota na taa za Moshi zinavyoonekana kule chini. Kule ni mita 4,600 na zaidi, baridi inashuka chini ya sifuri, na plastiki ya bei rahisi kwenye baridi hiyo inakuwa kama biskuti. Alifunga pleti, akakaza mkono kwa nguvu kwa sababu ulikuwa unalegea tangu nyumbani, ukakatika. Kamera ikaanguka, lenzi ikatangulia kwenye jiwe. Aliileta kwetu imefungwa ndani ya kofia ya sufu. Ringi ya lenzi, pale inapokaa kwenye bodi, ilikuwa imepasuka, na kioo cha mbele kimechubuka. Matengenezo yalifika 380,000, na wiki tano za kusubiri kipuri wakati ana harusi tatu mkononi. Tripodi yenyewe aliinunua kwa 40,000.

Nilimwomba kile kipande nikiweke, akaniachia. Mtu akiniuliza kwa nini sileti vichwa vya plastiki, namfungulia droo.

Kichwa tunachouza ni cha gololi, kinageuka kila upande, bodi ya alumini, na pleti ni ile ya kingo za mshazari ya mtindo wa kampuni ya Arca-Swiss, ambayo leo inaingiliana na vichwa vya kampuni nyingi. Faida yake ni kwamba ukipoteza pleti porini, mwenzako wa kambi huenda anayo ya kukuazima. Zile za plastiki kila moja ina pleti yake, umbo lake, na ikipotea umebaki na fimbo tatu. Na kifungo kikuu kwenye kichwa kiwe kikubwa cha kushikika ukiwa umevaa glavu. Jaribu dukani ukiwa na glavu zako.

Wengi wanataka miguu ya nyuzi za kaboni badala ya alumini. Kaboni ni nzuri, inapunguza kama robo ya uzito, na alfajiri haikung'ati vidole kama chuma. Lakini kaboni yetu ya bei ya chini kabisa ni 480,000, na unachookoa ni gramu 300 hivi. Kabla hujalipa laki mbili na elfu sabini za ziada kwa gramu 300, mwaga begi lako kitandani. Nimeona watu wanabeba lenzi tatu wakatumia moja. Toa moja na umeokoa zaidi ya hiyo kaboni. Isitoshe, alumini ikigongwa inabonyea ukaiona. Kaboni ikipata pigo baya inapasuka.

Na tafadhali, usiseme uzito si shida kwa sababu yuko mpagazi. Mzigo wa mpagazi Kilimanjaro una kikomo, kilo 20, na unapimwa. Kilo zako zikizidi, kuna mtu anazilipia kwa magoti yake. Usiku wa kileleni unabeba mwenyewe, kutoka Barafu hadi Uhuru kwenye mita 5,895, na pale hata chupa ya maji unaitafakari.

Sasa njia ya mkato inayotuumiza zaidi ni supa glu.

Tripodi nyingi nyepesi zina kufuli za kuzungusha. Ndani ya kila kufuli kuna vibushi viwili vya plastiki, vyembamba kama ukucha, vinavyobana kipande cha ndani. Mchanga ukiingia kwenye nyuzi, au vibushi vikikauka, mguu unaanza kuteleza wenyewe. Mwalimu mmoja mstaafu, mtu makini kabisa, alipeleka tripodi yetu ufukweni Pangani kupiga picha za machweo, akaisimamisha ndani ya maji ya chumvi, kisha akaikunja hivyo hivyo na kuirudisha kwenye mfuko. Baada ya mwezi mguu mmoja ulikuwa unashuka. Akaona asisumbuke kutupandishia, akatia supa glu kwenye kufuli. Ilipofika mezani kwetu mguu haufunguki, chumvi imeshaanza kuila alumini kwa ndani, na vipande viwili vimegandana. Fundi alikaa nayo mchana kutwa, na mafuta, na maji ya moto, na kamba ya mpira ya kushikia. Haikutoka. Mguu mpya peke yake kutoka kiwandani ungefika bei ya nusu ya tripodi.

Kuisafisha ni shilingi 15,000 kwetu, na nyumbani ni bure. Ukitoka pwani au kwenye vumbi, vuta miguu yote, ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Fungua kufuli mpaka mwisho, toa kipande, angalia vibushi vilivyokaa ili uvirudishe vile vile. Piga nyuzi kwa mswaki wa zamani mpaka usisikie tena ile sauti ya kukwaruza ukizungusha. Acha ikauke kivulini usiku mzima, kisha paka grisi kidogo sana, ya kufunika ncha ya kijiti cha kiberiti, kwenye nyuzi tu. Grisi ikigusa vibushi au bomba, mguu utateleza kuliko mwanzo. Na usiikunje ikiwa na maji.

Kuna lawama nyingine iliyotufikia kuhusu tripodi za kukodi. Vijana wawili walikwenda Lushoto, wakapiga picha za jioni pale Irente, juu ya ule ukingo unaotazama nyanda za chini. Wakarudi wanasema tumewakodisha mbovu, picha zote zina kivuli pembeni. Nikaomba kuona. Kweli kila ukingo ulikuwa umejirudia, lakini kwa ulalo tu, kushoto na kulia. Nikawauliza kama walining'iniza begi kwenye ndoano iliyo chini ya nguzo ya katikati. Ndiyo, walisoma mahali kwamba inasaidia. Inasaidia, isipokuwa begi likining'inia hewani kwenye upepo linakuwa pendulamu, linaitikisa tripodi yenyewe. Begi liguse ardhi kidogo, uzito uvute lakini lisibembee. Hela ya siku moja niliwarudishia, kwa sababu tulipowakabidhi tulipaswa kuwaeleza hilo na hatukueleza. Siku hizi tunaeleza.

Bei yetu basi. Kwenye 210,000 hatuweki faida ya kunenepa. Kila tripodi ikifika, fundi anafungua kufuli zote na kukaza skrubu za mabega, pale miguu inapoungana juu, kwa alen ki, kwa sababu nyingine zinatoka kiwandani zimelegea. Anapima juu ya kioo kama miguu mitatu ina urefu sawa. Zisizofaa tunazirudisha kwa gharama yetu. Ndani ya mwaka mmoja, kufuli ikilegea, vibushi tunabadilisha bila malipo. Mwenye kuuza kwa 55,000 hawezi kufanya hayo, na simlaumu.

Tena kwa mtu wa simu, ile ya 55,000 inatosha, na tunamwambia hivyo hivyo akija. Simu ni gramu mia mbili. Kwa kamera ndogo yenye lenzi ndogo mchana kweupe, huenda huhitaji tripodi kabisa. Shona kimfuko cha kitambaa kigumu, kibebe kitupu, ukifika kambini kijaze changarawe, laza kamera juu yake kwenye jiwe, ukimaliza mwaga ulipochota. Na anayepanda mara moja tu maishani akodi. Kwetu ni 12,000 kwa siku, dhamana 100,000 inarudi yote, na siku ya kushuka kwa kuchelewa hatuihesabu.

Kwako kaka wa Ijumaa, najua safari yenu ni mwezi ujao na mtatumia ile ndefu ya rafiki yako. Kipande cha chini chembamba msikivute kabisa, na nguzo ya katikati msiipandishe. Mkifanya hivyo itawafikia kiunoni, pigeni mkiwa mmepiga magoti. Mkono wa pleti ukazeni ndani ya hema kabla plastiki haijapoa, na mkanda wa kamera uzungusheni kwenye nguzo mara mbili ili hata ukikatika kamera isifike chini. Wekeni taima ya sekunde 10, ya sekunde 2 haitoshi kwa tripodi hiyo, na zimeni kizuia mtikisiko kwenye lenzi. Betri ya akiba ilale mfukoni mwa ndani, karibu na mwili. Kwa lenzi ya milimita 20 msizidishe sekunde 20 hadi 25, la sivyo nyota zitavutika kuwa mistari. Mkishuka pitieni dukani na picha, nataka kuziona.