Barua ya wazi: Wanafunzi wetu wa uuguzi wamefaulu kunawa mikono bila maji

Mheshimiwa,

Pokea kwanza salamu zetu za heshima kutoka hapa Lubumbashi, Kongo. Jina lako hatuliandiki na cheo chako hatukitaji. Wewe mwenyewe unajua nani anatia sahihi kwenye vibali vya shule za uuguzi, na nani alikuja kukata utepe kwenye chumba chetu cha mazoezi. Sisi ni walimu wa mazoezi na wasimamizi wa staji, yaani mazoezi ya hospitalini. Barua za kawaida, zenye mhuri na nakala, tulishaandika. Zilipokelewa vizuri sana, namba zake zipo kwenye daftari la mapokezi. Jibu ndilo halikupata namba.

Juma lililopita wanafunzi wa mwaka wa mwisho walifanya mtihani wa vitendo. Kazi ya kwanza ilikuwa kunawa mikono kabla ya kubadilisha bandeji ya kidonda. Mtahiniwa akasimama mbele ya robine, akakunja mikono ya bluzi yake nyeupe, akafungua robine isiyotoa hata tone, akasugua viganja, akasugua vidole, akafunga robine kwa kiwiko, akajipangusa kwa taulo ambayo haipo. Mtahini akaweka alama kwenye karatasi. Akaja wa pili, hivyo hivyo. Darasa zima limefaulu, Mheshimiwa. Hongera.

Labda mtu ofisini kwako atasema kunawa mikono ni somo la watoto wadogo, si jambo la kumwandikia mkubwa. Basi turuhusu tueleze, kwa sababu hapo ndipo uuguzi unapoanzia, awe mwanafunzi wa A2 (ngazi ya sekondari) au wa A1 (ngazi ya chuo).

Kunawa kwa maji na sabuni kunachukua sekunde 40 hadi 60. Unavua saa na pete. Unalowesha mikono, unachukua sabuni ya kutosha kufunika ngozi yote. Kiganja kwa kiganja. Kiganja juu ya mgongo wa mkono wa pili, vidole vikiwa vimepishana. Kisha viganja tena, vidole vimepishana. Halafu migongo ya vidole ndani ya kiganja. Kidole gumba kinazungushwa ndani ya mkono mwingine. Mwisho ncha za vidole zinasuguliwa katikati ya kiganja. Unasuuza, unakausha kwa kitambaa kisichotumiwa na mtu mwingine, na kitambaa hicho hicho unafungia robine ili usirudishe uchafu mkononi.

Sasa, mwanafunzi anakosea wapi? Kila mwaka ni pale pale: kidole gumba, ncha za vidole, na katikati ya vidole. Mwalimu anaona kosa kwa kuangalia povu. Pasipo na povu, hapo hapakuguswa. Bila maji hakuna povu, na bila povu mwalimu anasahihisha nini? Tena anayenawa hewa anamaliza kwa sekunde kumi, kwa sababu hana cha kusuuza. Mwili wake unazoea sekunde kumi. Ukimpeleka wodini kwenye maji mengi, bado atanawa sekunde kumi, maana mikono imeshakariri. Kukausha nako hajawahi kujifunza: hajui kwamba mkono ulioloa unabeba vijidudu kuliko mkono mkavu, na kwamba glavu juu ya ngozi iliyoloa inakataa kuingia, unaivuta, inapasuka. Glavu anainunua yeye mwenyewe, tusisahau.

Tunajua dawa ya alkoholi ipo, sekunde 20 hadi 30 inatosha. Lakini mkono wenye damu, usaha au kinyesi hausafishwi na alkoholi. Hapo ni maji na sabuni tu. Na mjini kwetu, mvua zikianza, kolera inapiga hodi kwenye komini zetu za Kenya na Katuba bila kungoja kibali cha mtu.

Twende kwenye klorini basi, kwa kuwa mtaala unaitaka. Mwanafunzi anatakiwa kutengeneza maji ya asilimia 0.5 kwa sakafu, vitanda na vyombo vilivyochafuka. Ukiwa na unga wa klorini wa asilimia 70, unapima gramu 7 kwa kila litre ya maji. Ukiwa na Javel, klorini ya maji ya chupa, ya asilimia 5, kikombe 1 cha Javel na vikombe 9 vya maji. Ukiwa na ya asilimia 3.5, kikombe 1 na vikombe 6. Wanafunzi wetu wamekariri "moja kwa tisa" kama sala, hawageuzi chupa kusoma, kwa sababu hawajawahi kumimina. Hiyo ya asilimia 3.5 wakiichanganya moja kwa tisa wanapata asilimia 0.35, wanaogesha sakafu kwa dawa dhaifu na wanaondoka na moyo mweupe. Kuchanganya kunafundishwa kwa ndoo, na ndoo tunazo, sita, za plastiki, zina vifuniko. Zimekaa mdomo chini tangu siku ya utepe.

Ukae na sisi kidogo zaidi, Mheshimiwa, kwa sababu hewa hii imeenea. Haikuishia kwenye robine.

Mwanafunzi asiyefanya kitu chumbani anaambiwa atakifanya kwenye staji. Anafika wodini anakuta shule nyingine nne zimeshafika. Kitanda kimoja, wanafunzi wanane, mgonjwa mmoja anayeona haya. Aliye mbele anapima, saba wanaangalia mgongo wa mwenzao. Jioni daftari la staji linajazwa, na sisi, tuseme ukweli, tunatia sahihi. Ukitaka kujua kama vipimo ni vya kweli, soma safu ya pumzi. Utakuta 20 kwa dakika, kitanda cha kwanza mpaka cha mwisho, mzee, mama, mtoto, wote 20. Hakuna wodi duniani inayopumua hivyo. Pumzi zinahesabiwa dakika nzima, saa mkononi, mtoto akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, hiyo ni pumzi ya mbio, anaweza kuwa na nimonia. Wa mwaka 1 mpaka kabla ya kufika miaka 5 ni 40. Mtoto mchanga wa chini ya miezi 2 ni 60. Mtoto wa miezi minane mwenye pumzi 56, akiandikiwa 20, anabaki bila dawa. Presha nayo ni hivyo hivyo. Mshipi mwembamba kwenye mkono mnene unatoa namba ya juu ya uongo, na anayeachia hewa kwa haraka badala ya milimita 2 hadi 3 kwa sekunde hasikii mpigo wa kwanza. Basi anaandika 120/80, namba ambayo haijawahi kumgombanisha mtu na mkuu wa wodi.

Malaria kali tunaifundisha ubaoni. Chupa ya artesunate, dawa yake ya sindano, ya mg 60 inafunguliwa kwa ml 1 ya bikarbonati, unatikisa mpaka iwe angavu kabisa, ndipo unaongeza serumu (maji ya dripu) ya chumvi: ml 5 kama ni ya mshipani, ml 2 kama ni ya msulini. Maji ya kuchanganyia sindano hayatumiki hapo. Ya mshipani inakuwa mg 10 kwa ml, ya msulini mg 20 kwa ml. Mtoto wa kilo 14 anapata mg 3 kwa kilo, yaani mg 42: ml 4.2 mshipani, au ml 2.1 msulini. Ubaoni wote wanapata. Mezani, usiku, taa ya simu ikiwa mdomoni, yule ambaye hajawahi kushika hata chupa tupu anaongeza ml 5 kisha anavuta ml 2.1. Mtoto amepata nusu ya dawa. Tungeweza kumfundisha kwa chupa kuukuu na maji ya robine, bila dawa hata moja. Maji ya robine, Mheshimiwa.

Na sindano ya tako kwa mtoto mdogo? Chini ya miaka miwili tunasema paja, upande wa nje, kwa sababu takoni unaweza kugonga neva kubwa inayoshuka mguuni na mtoto akabaki anaburuta unyayo. Tunasema, tena kwa sauti. Kisha tunampa mwanafunzi kipande cha sponji ya godoro achome. Sponji haina neva wala mfupa.

Lakini jambo linalotunyima usingizi ni serumu ya kolera. Kila mwanafunzi anajua hesabu ya matone: ml zidisha kwa 20, yaani matone ya ml moja, gawanya kwa dakika. Litre 1 kwa saa 8 ni matone 42 kwa dakika, na anakaa na saa yake anahesabu vizuri. Sasa mletee mtu mzima wa kilo 50 aliyekauka kabisa, macho yameingia ndani, mpigo wa mkononi haupatikani. Huyo anahitaji ml 100 kwa kilo, litre 5 za serumu ya Ringer: litre 1.5 katika nusu saa ya kwanza, na 3.5 katika saa mbili na nusu zinazofuata. Piga hesabu ileile: ml 1500 mara 20, gawanya kwa 30. Ni matone 1000 kwa dakika! Jicho gani linahesabu hayo? Hapo hesabu inawekwa kando. Unaingiza kateta (mrija wa plastiki wa mshipani) nene, ya kijivu namba 16 au ya kijani namba 18, mikono yote miwili ikiwezekana, unafungua gurudumu lote, unainua mfuko juu, unasimama pale. Mwanafunzi aliyefundishwa hesabu tu anachukua kateta ya njano namba 24, ya kichanga, kwa kuwa ndiyo inayoingia kwa urahisi, na anaanza kuhesabu matone. Kutofautisha mkondo wa ya njano na wa ya kijivu ni zoezi la dakika tano: serumu iliyokwisha muda, ndoo, saa. Na kumjazia mwanafunzi mfuko tena na tena, ili arudie mara ishirini, kunataka maji.

Kwa nini hatuna maji? Sisi si mafundi, tunakisia. Wengine wanasema pampu ya mtaa haina nguvu. Wengine wanasema fedha iliishia kwenye rangi ya ukuta, na rangi kweli ni nzuri, bluu ya anga. Tunachojua kwa macho yetu ni hiki: robine tatu zinazong'aa zilipachikwa ukutani siku mbili kabla ya ziara yako, picha zikapigwa, na tulipozunguka nyuma ya ukuta tukakuta hakuna bomba. Robine zimeshika tofali. Ulituahidi mbele ya wazazi kwamba maji yatafika kabla ya mvua. Mvua ilikuja, ikaenda, ikaja tena. Ni kweli hukusema mvua ya mwaka gani, hilo kosa ni letu, tungeuliza.

Wakati huo shule zinaongezeka. Tunadhani ni kwa sababu mwanafunzi mmoja analeta minerivali (ada ya shule), pesa ya staji, bluzi, daftari, na hakuna anayekuja kuhesabu vitanda kabla ya kutoa kibali. Nchi hii ina sheria ya mwaka 2016 iliyounda Ordre ya Wauguzi, chombo kinachoandikisha wauguzi. Anayeandikwa humo raia anaamini mikono yake ilifundishwa. Na hapa mjini raia hangojei hata hiyo orodha. Ukivaa bluzi nyeupe unaitwa munganga, yaani daktari, hata kama ni mwaka wa kwanza na hujui kuvaa glavu.

Wanafunzi wenyewe wamejaribu. Wanabeba bidoni za litre 20 kutoka Ruashi na Katuba, wengine kichwani. Ukibana sana, mtu mmoja ananawa kwa litre moja. Bidoni moja ni watu ishirini, mara moja kila mmoja, basi imekwisha, na kwa kunawa mara moja hajazoea kitu. Mzazi aliyelipa ada anauliza kwa nini mtoto anaondoka nyumbani na maji ya kupikia bukari (ugali). Tumjibu nini, Baba?

Tulikuwa tumeandaa maombi mengi. Idadi ya wanafunzi wa staji ifuatane na vitanda. Wodi moja isipokee shule zaidi ya mbili kwa siku. Sanamu ya mazoezi yenye mkono wa kuchoma, stetoskopu sita, mishipi ya presha ya ukubwa tatu, maboksi ya sindano zilizotumika, ambayo hayajazwi kupita robo tatu. Mtu wa kukagua madaftari ya staji na kutuuliza sisi tuliotia sahihi. Yote tunayataka bado, tusieleweke vibaya. Ila tumeona orodha ndefu inapotea njiani, kwa hiyo yaache yote hayo kwa leo. Tupe maji. Robine moja kati ya zile tatu itoe maji. Moja.

Tumepima kwa kamba: kutoka bomba la barabarani hadi ukuta wa nyuma wa chumba ni mita 14. Inahitajika bomba la nusu inchi, viwiko viwili, valvu moja, na kuchimba mfereji wa kina cha goti ili magari yasilivunje. Fundi wa mtaa aliangalia akasema ni kazi ya siku moja, mbili kama ardhi ni ngumu. Ufunguo wa geti uko kwa mlinzi, kuanzia saa moja ya asubuhi. Sabuni tutanunua wenyewe.

Walimu wa mazoezi na wasimamizi wa staji za uuguzi,
Lubumbashi