Barua kwa vijana mnaochora Dodoma

Mbukwenyi, wanangu.

Juzi mmoja wenu alinionyesha kwenye simu yake jengo la ofisi analolichora kwa ajili ya Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Picha nzuri, sitadanganya. Upande wote wa magharibi ni vioo toka chini hadi juu, na ndani Wazungu wanatembea na vikombe vya kahawa (sijui kwa nini picha zenu zote zina Wazungu). Nikamuuliza, mwezi wa kumi, saa tisa alasiri, humo ndani patakuwaje? Akasema viyoyozi vitakuwepo. Nikanyamaza nikanywa chai yangu. Jibu langu kwake ndilo hili, ila nawaandikia wote kwa sababu hayuko peke yake.

Nianze kwa kujishtaki. Mwaka 1988 nilichora zahanati ya kijiji kimoja huku kwetu. Kusema "nilichora" ni kujipendelea: ramani niliitoa kabatini, ilishajengwa pwani, nikabadilisha jina la kijiji na tarehe. Jengo likakaa kiwanjani kwa kufuata barabara, baraza la kusubiria likaelekea machweo. Tulikabidhi asubuhi, ngoma zikapigwa, nikala mbuzi, nikarudi mjini.

Miaka mitatu baadaye gari letu lilipata pancha palepale. Ilikuwa siku ya kliniki. Benchi la zege, lile nililosisitiza lipigwe niru vizuri, lilikuwa tupu. Kina mama na watoto walikuwa chini ya mti, hatua kama arobaini kutoka mlangoni, na muuguzi anatoka kila mara kuita majina kwa kupaza sauti. Nikaweka kiganja juu ya benchi. Nikakitoa haraka. Mama mmoja akacheka: "Hapo baba huwa tunaanika mlenda."

Sikumwambia mimi ni nani.

Bibi yangu asingefanya kosa lile. Tembe lake lilikuwa na kuta nene za miti na udongo, paa bapa lililofunikwa udongo, vyumba vimezunguka ua, na vumbi la kiangazi likipita juu bila kuingia alipokaa. Sisemi mrudi kujenga tembe. Paa lile lilikuwa likivuja na kila mwaka lilidai udongo mpya. Nasema yule bibi alijua jua linazama wapi kabla hajachimba shimo la nguzo ya kwanza. Hapa petu jengo refu linyooshwe mashariki na magharibi, kuta zake fupi ndizo zipigwe na jua, madirisha yaelekee kaskazini na kusini. Mlifundishwa hayo chuoni. Mwenye kiwanja akitaka sura ya jengo iangalie lami, mnasahau yote.

Mnaniuliza nani wa kumfuata. Fuateni maisha ya Beda Amuli. Alizaliwa 1938, akasomea usanifu chuo cha Technion, kule Haifa, Israeli, na anatajwa kuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa msanifu majengo Afrika Mashariki. Akafungua ofisi yake Dar es Salaam wakati kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa wageni karibu yote. Kubwa lake ni Soko la Kariakoo, lililofunguliwa 1975. Alifariki 2016, na miaka mitano baadaye, Julai 2021, soko lenyewe likaungua paa.

Mimi niliingia sokoni mle masika ya 1977, kijana mwanafunzi wa kuchora, nikikimbia mvua. Watu wote wanatazama nyanya, mimi natazama juu. Paa ni miavuli mikubwa ya zege, kila mmoja umesimama kwa mguu wake, ila miavuli hiyo imepinduliwa: inakinga mvua badala ya kuitupa pembeni, maji yanateremka hadi matangi yaliyo chini ya jengo. Hewa moto inapanda, inatoka. Muuza mchicha hana habari na usanifu, lakini amekaa kivulini na haloi. Huyo ndiye aliyechorewa.

Sasa fikirini: Dar mvua ni nyingi, na bado Amuli aliikinga. Dodoma tunapata kama milimita 570 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na mji unategemea sana visima vya Makutupora. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la madarasa la mita za mraba 200 linapokea zaidi ya lita 100,000 kwa msimu; toeni zinazopotea, bado ni maji ya kutosha kunawisha watoto miezi mingi. Lakini bajeti ikibana, mnakata nini kwanza? Gata. Na tangi. Marumaru ya mlangoni hamgusi.

Mpango mkuu wa mji huu wa 1976 uliwaweka mbele waenda kwa miguu na mabasi. Tumeujenga kwa namna yetu, hilo nitaliandika siku nyingine nikiwa na pumzi.

Ombi langu ni dogo. Kila mmoja achague jengo lake moja lililokwisha kukabidhiwa. Aende bila kitambulisho na bila gari la ofisi, akae anapokaa mwananchi, kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi na moja. Asipige picha. Aandike watu wamehamisha viti wapi, pazia gani limetundikwa kwa misumari, dirisha gani limezibwa kwa boksi. Halafu mje kwangu Jumapili na hayo madaftari. Ile ramani ya zahanati ninayo bado, nitaibandika ukutani tuanze na yangu. Chai ipo, ubuyu upo. Yule wa vioo aje na kofia, maana tutakaa upande wa magharibi.